Imani za dini: ni ukweli au ni maoni ya mtu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa vijiweni, madarasani, misibani na ndani ya mabasi ya mikoani, popote pale ambapo Mkristo na Muislamu wa Afrika Mashariki hukaa benchi moja na mazungumzo yakateleza kutoka kwenye mpira hadi kwenye dini. Mengi huishia kwa mtu kusema: "Bwana wee, za dini tuziache, kila mtu na imani yake." Kauli hiyo huokoa urafiki, na si jambo dogo. Lakini swali huwa limebaki pale pale. Kila jibu hapa linajitegemea, kwa hiyo ruka hadi swali linalokukera.

## Maneno kwanza

1. Ukweli na maoni vinatofautiana vipi?

Ukisema pilau ya Tanga ni tamu kuliko ya Mombasa, unazungumzia ulimi wako. Mwenzako akikataa, hakuna aliyekosea; mmepishana ndimi tu. Ukisema meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996, ulimi wako haumo tena. Ilizama au haikuzama, na hata sisi sote tukisahau, itabaki kuwa ilizama.

Kuna kipimo chepesi. Jiulize: watu wote wakibadili mawazo usiku wa leo, jambo lenyewe litabadilika? Utamu wa pilau, ndiyo. Kuzama kwa meli, hapana.

Lipo pia kundi la tatu ambalo wabishi wengi hulisahau: mambo yaliyo kweli kwa sababu tumekubaliana yawe hivyo. Kuendesha upande wa kushoto ni kosa Ufaransa na ni sheria Kenya. Hapo si ladha, wala si kitu kilichokuwepo kabla ya watu. Kundi hili litatusaidia sana tukifika kwenye mwezi wa Idi (swali la 16).

2. Basi dini iko kundi gani?

Yote matatu, na hapo ndipo mabishano mengi yanapoharibikia. Dini si sentensi moja.

Mtazame Muislamu siku ya Ijumaa. Anashuhudia kwamba hapana mola ila Mwenyezi Mungu: hilo ni dai juu ya jinsi mambo yalivyo, awepo yeye au asiwepo. Anaamini kwamba Mtume Muhammad alihama Makka kwenda Madina mwaka 622: dai la historia, ambalo hata mwanahistoria asiye na dini hulikubali. Anavaa kanzu na kofia: desturi. Anasikia kisomo na moyo unatulia: hali ya nafsi yake. Mkristo naye vivyo hivyo. Anapokiri kwamba Yesu aliteswa zamani za Pontio Pilato, anamtaja afisa wa Roma aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Kanuni ya Imani yenyewe imejifunga kwenye utawala wa mtu anayejulikana. Nyimbo za kwaya anazozipenda ni habari nyingine.

Kwa hiyo anayeuliza "dini ni ukweli au maoni?" kwanza ataje sentensi.

3. Kuamini si ndiyo kusema hujui?

Kiswahili kimetupa msaada hapa, kwa herufi mbili tu. Kuna "naamini kwamba" na kuna "namwamini". Nikisema namwamini fundi wangu, sitangazi kwamba fundi yupo. Hilo halina ubishi. Nasema nimemkabidhi gari. Waumini wengi wakisema imani wanakusudia hii ya pili: kujikabidhi, kutegemea. Hiyo kweli ni ya mtu mwenyewe, hakuna anayeweza kukuaminia.

Ila huwezi kumkabidhi gari fundi ambaye hayupo. Chini ya kila "namwamini" kuna "naamini kwamba" imelala, nayo ni kweli au si kweli. Tegemeo ni lako. Dai si lako.

(Mtu wa imani, kwa maana ya mwenye huruma, ni neno hilo hilo lenye kazi nyingine. Tumuache.)

## Kupima na kuthibitisha

4. Kama Mungu hawezi kuthibitishwa, si ina maana ni maoni tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Jibu ni hapana, na mfano wake uko Kilimanjaro.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetokea Rabai, aliona weupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wake wa njia ule ni nini. Yule bwana hakuwa na neno la theluji, akasema ni "baridi". Rebmann akaandika habari hiyo ikafika Ulaya. Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akaikataa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Miaka ikapita wakibishana. Wachagga, waliokuwa wakiutazama weupe ule kila asubuhi, hakuna wa London aliyewauliza.

Theluji ilikuwepo muda wote huo. Haikuwa maoni ya Rebmann mwaka 1848 kisha ikageuka ukweli siku wazungu wengine walipopanda kuhakikisha. Ilikuwa kweli, ila haijathibitishwa kwa watu wa London.

Tunachanganya vitu vitatu. Ukweli ni wa jambo lenyewe. Uthibitisho ni kazi yetu sisi tunaotafuta. Uhakika ni hali ya moyo. Mtu anaweza kuwa na uhakika wa jambo la uongo, na jambo linaweza kuwa kweli pasipo hata mmoja mwenye uhakika nalo. Sentensi "Mungu yupo" ni ya aina hiyo: yupo au hayupo. Anayesema hayupo naye ametoa dai, hajatoa maoni.

Tahadhari kwa upande wa pili: hadithi hii haimpi kila mtu ruhusa ya kusema "mtakuja kuona". Cooley hakukosea kwa kudai ushahidi. Alikosea kwa kuugeuza uchache wa ushahidi kuwa hukumu. Kwa theluji moja iliyokuja kuonekana, yapo mambo chungu nzima yaliyosemwa kwa kiapo na hayakuonekana hata leo.

5. Kuna dai lolote la dini ambalo limewahi kupimwa?

Yapo mengi, na baadhi yalipimwa kwa damu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa vita vya Majimaji, alitoa maji ambayo wapiganaji waliamini yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905. Tarehe 30 ya mwezi huo huo, huko Mahenge, watu waliyaendea mabunduki ya rashasha wakiwa na imani hiyo. Risasi zilibaki risasi. Hapa hakuna nafasi ya kusema "kwao ilikuwa kweli". Kwao ilikuwa imani, tena imani iliyounganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana bega kwa bega, na kwa hilo Kinjikitile ana mahali pake katika historia ya Tanzania. Lakini dai juu ya risasi lilikuwa la uongo kwa kila aliyesimama pale, Mpogoro au Mjerumani.

Mwaka 2011 tuliona jingine kwa macho yetu. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alisema Mungu amemwonyesha dawa katika ndoto. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kikajaa magari, kikombe shilingi 500, foleni ya maelfu kwa maelfu. Dai lilikuwa kwamba kikombe kinaponya kisukari, saratani, hata UKIMWI. Lilihusu damu na sukari, vitu vyenye vipimo hospitali yoyote ya wilaya. Wapo walioacha dawa zao kwa sababu ya kikombe, na gharama ya kukosea hapo haikuwa ya mawazo tu.

Mfano wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Mmarekani William Miller na wafuasi wake walingoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Wengi wakaondoka. Kikundi kimojawapo, ambacho baadaye kilizaa Kanisa la Waadventista Wasabato, kilisema tarehe ilikuwa sahihi ila tukio lilikuwa mbinguni, katika patakatifu pa juu, si duniani. Sisemi wamekosea. Nasema angalia lilivyohama dai: kutoka mahali ambapo kila mwenye macho angeliona hadi mahali ambapo hakuna awezaye kulipima. Halijageuka maoni, bado ni kweli au si kweli. Lakini limelipa bei. Dai lililojitoa kwenye hatari ya kushindwa limejitoa pia kwenye nafasi ya kushinda.

6. Sayansi si imeshamaliza suala hili?

Imemaliza baadhi. Nyayo za Laetoli, karibu na Ngorongoro, zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6. Askofu James Ussher wa Ireland alikokotoa katika karne ya 17 kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 KK. Anayekisoma kitabu cha Mwanzo katika Biblia kama kalenda ya namna hiyo amekutana na nyayo, na nyayo zimeshinda. Lakini Agostino wa Hippo, aliyeishi Afrika Kaskazini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ussher, tayari alikuwa haoni siku sita zile za uumbaji kuwa siku za kawaida. Huyo nyayo hazimgusi. Na kama kuna aliyeumba au hakuna, udongo wa Laetoli haujasema lolote.

7. Dai lisilopimika kabisa lina maana yoyote, au ni kelele tu?

Mwaka 1936 mwanafalsafa kijana Mwingereza, A. J. Ayer, alijibu: ni kelele. Kwake sentensi isiyoweza kuhakikiwa kwa njia yoyote haina maana. Si kweli wala si uongo. Wapinga dini wengi walishangilia bila kusoma mpaka mwisho, maana kwa kipimo hicho hicho "Mungu hayupo" nayo ni kelele. Tena kipimo chenyewe hakipimiki.

Mwanafalsafa mwingine, Antony Flew, alikuja na hoja kali zaidi mwaka 1950. Watu wawili wanakuta uwazi msituni, maua na magugu yamechanganyika. Mmoja anasema kuna mtunza bustani. Wanakesha, hawaoni mtu. Wanazungushia umeme, wanaleta mbwa, kimya. Yule muumini anasema: haonekani, hasikiki, hana harufu, ila anakuja. Mwenzake anauliza: huyo ana tofauti gani na mtunza bustani asiyekuwepo? Swali hilo ni la haki, na kila muumini angefaa kulijibu angalau mara moja maishani: ni kitu gani, kikitokea, kingenifanya niseme nilikosea? (Flew mwenyewe, mwaka 2004, alitangaza kwamba ameshawishika kuwa kuna Mungu wa namna fulani, ingawa si wa dini yoyote. Haithibitishi kitu. Nimeiweka kwa sababu watu huiuliza.)

Jibu lililonigusa mimi ni la John Hick, mwanafalsafa wa dini. Wasafiri wawili wako njia moja. Mmoja anasema inaelekea Mji wa Mbinguni, mwingine anasema haiendi popote. Njiani hakuna kona itakayoamua. Lakini wakifika kona ya mwisho, mmoja atakuwa alikuwa sahihi muda wote na mwingine alikuwa amekosea. Dai lenye mwisho wa namna hiyo lina maana, hata kama mizani yake iko ng'ambo ya kaburi. Ubaya wake ni mmoja: likiwa la uongo, hakutakuwa na mtu wa kuligundua.

8. Mimi mwenyewe nimeota, nimesikia sauti, nimeponywa. Mtaniambia ni maoni?

Hapana. Kwamba uliota ni tukio, halina mjadala. Swali ni ndoto ilitoka wapi, na hapo macho yako mwenyewe hayatoshi, kwa sababu Mkristo humwota Yesu, Muislamu humwota Mtume, na bibi kule kijijini huwaota wahenga wakidai tambiko. Si rahisi ndoto zote ziwe zimetafsiriwa sawasawa. Lililokupata linaweza kuwa sababu nzito ya wewe kuamini. Kwangu mimi ni ushuhuda, nami nitaupima kama ninavyopima ushuhuda wa Rebmann (swali la 4): nani anasema, aliona nini hasa, kuna jingine linaloeleza?

## Dini nyingi

9. Dini zinapingana. Si dalili kwamba hakuna ukweli pale?

Ni kinyume chake. Watu hawapingani juu ya ladha. Wanapingana wakiwa wanazungumzia kitu kimoja.

Chukua msalaba. Wakristo wanasema Yesu alisulubiwa akafa. Kurani, sura ya 4 aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Siku ile Yerusalemu kulikuwa na tukio au hapakuwa nalo. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi juu ya neno lile lile kwa maana ile ile. Anayesema "wote wana ukweli wao" hajawaheshimu. Amewafuta wote wawili kwa adabu. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure na imani ni bure. Huyo si mtu anayetoa maoni. Ameweka shingo yake mezani.

Na Kiswahili kina historia ndefu ya ubishi huu. Kanoni Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza Zanzibar alitoa tafsiri ya Kurani mwaka 1923, akiwalenga Wakristo. Waahmadiyya, jumuiya iliyoanzia India, wakatoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akakamilisha yake mwaka 1969, na hakuficha kwamba anawajibu waliomtangulia. Watu hawamalizi nusu karne wakisahihishana aya kama wanadhani wanazungumzia pilau.

Kupingana kunathibitisha jambo moja tu: wapo waliokosea. Pengine wote. Hakuonyeshi kwamba hakuna cha kukosea.

10. Ungezaliwa Pemba ungekuwa Muislamu, ungezaliwa Moshi ungekuwa Mlutheri au Mkatoliki. Si bahati tu ya kuzaliwa?

Aliyeliona hili mapema kuliko sisi ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Anasimulia kwamba alipokuwa kijana aliona watoto wa Wakristo hukua Wakristo, wa Mayahudi hukua Mayahudi, wa Waislamu hukua Waislamu. Akaikumbuka hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile la asili, kisha wazazi ndio humfanya awe Myahudi, Mkristo au Majusi. Hakusema "basi yote ni maoni." Alisema ufuasi wa kurithi, taklidi, ukishavunjika hauungiki tena, kama kioo, na akaanza kutafuta ni kitu gani anakijua kweli. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, kiti kilichokuwa kikionewa wivu na kila mwanazuoni, akaondoka.

Mahali ulipojifunzia jambo si ndilo linalolifanya kweli au uongo. Jedwali la kuzidisha nililijua kwa kuchapwa na mwalimu, na saba mara nane bado ni hamsini na sita. Hata hivyo hoja hii ina uzito wake, na muumini anayeicheka hajailewa: kama sababu pekee uliyo nayo ni kwamba nyumbani waliamini hivyo, basi huna sababu kuliko jirani yako. Inapunguza kiburi. Ukweli haiugusi.

11. Na ile hadithi ya vipofu na tembo?

Mmoja kashika mguu akasema nguzo, mwingine mkonga akasema nyoka, mwingine sikio akasema ungo. Hadithi ni ya kale, imetoka Bara Hindi, na wanaoisimulia huimalizia: dini zote zimeshika sehemu ya Mungu mmoja.

Lakini jiulize msimulizi amesimama wapi. Yeye anamwona tembo mzima! Anayejifanya mnyenyekevu kuliko shehe na padri ndiye pekee mwenye macho. John Hick, yule wa kona ya mwisho (swali la 7), alifikia msimamo unaokaribiana na huu baada ya kuishi Birmingham kati ya Waislamu, Masingasinga na Wahindu, akautetea kwa uzito unaostahili heshima. Bado anapaswa kumwambia Mkristo kwamba Utatu si hasa hivyo, na Muislamu kwamba wahyi (ufunuo) si hasa hivyo. Tena hadithi yenyewe ina tembo. Bila tembo, vipofu wale wangekuwa wanapapasa hewa.

12. "Kwangu ni kweli, kwako si kweli." Inawezekana?

Kama maana yake ni "inanisaidia", inawezekana. Kama maana yake ni "Mungu yupo mtaani kwangu na hayupo mtaani kwako", hapana. Tazama swali la 1.

## Kuishi pamoja

13. Nikisema dini yangu ndiyo ya kweli, sijamtukana mwenzangu?

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kukutana na swali hili uso kwa uso. Mhubiri mmoja wa Kiislamu huko Morogoro alisema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alishitakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini, akahukumiwa miezi 18. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia ile. Maneno yale ni sehemu ya imani ya Kiislamu yenyewe; kuyasema hakutoshi kuwa nia ya kuumiza.

Waliokuwepo Dar es Salaam enzi za mihadhara ya dini ya hadharani watakumbuka kwamba kulikuwa na maneno mengine yasiyokuwa ya imani bali ya kejeli, pande zote mbili, Biblia mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine. Tofauti ni hiyo. "Umekosea" si tusi. Mtu mzima anaambiwa amekosea kwa sababu anadhaniwa ana akili ya kujibu. Tusi ni pale unapomsema yeye badala ya dai lake.

14. Serikali haina dini. Si imekiri kwamba dini ni maoni?

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa imani. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Zote mbili zinahusu madaraka ya dola. Refa hana timu kati ya Simba na Yanga, na bado goli huingia au haliingii.

15. Basi kila imani iheshimiwe, hata ya uongo?

Mtu aheshimiwe. Imani ipimwe. Wapo walioamini kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na watu wameuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu hiyo. Sijawahi kusikia mtu akisema "ni maoni yao, tuyaheshimu." Sote husema: ni uovu, tena ni uongo. Basi tumeshakubali kwamba imani juu ya nguvu zisizoonekana inaweza kuwa ya uongo. Na kama inaweza kuwa ya uongo, haiwezi kuwa ladha tu. Ukilifunga lango la "ni maoni tu" kwa waganga, huwezi kulifungua tena jambo likihusu kanisa lako au msikiti wako.

## Pembezoni

16. Mwezi wa Idi tunagombana kila mwaka. Mwezi si upo angani?

Upo, na ndiyo maana mfano huu ni mtamu. Kuna tabaka tatu. La kwanza, mwezi kuandama ni jambo la anga. Mtaalamu wa anga wa dini yoyote atakupa saa ile ile. La pili, kama mtu ameuona kwa macho jana magharibi huko Pemba au Lamu, hilo ni tukio: aliuona, alikosea au alidanganya. La tatu ndilo lenye moto: mwezi ulioonekana nchi nyingine unatosha kwetu? Hapo wengine hungoja tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu, wengine hufuata Makka, na nyumba moja hupika pilau siku mbili tofauti.

Swali hilo halikuanzia kwetu. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Kuraib aliuona mwezi wa Ramadhani akiwa Sham (Siria) usiku wa Ijumaa, akarudi Madina akakuta wao wameuona usiku wa Jumamosi. Akamuuliza Ibn Abbas, sahaba wa Mtume: hautoshi kuona kwa Muawiya, mtawala wa Sham? Akajibu hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Wanaofuata mwezi wa mji wao huishika hadithi hii. Wengine huielewa vingine.

Je, tabaka la tatu ni kama sheria ya barabarani, la kukubaliana tu? Asiye Muislamu anaweza kusema ndiyo. Muislamu hawezi, kwa kuwa kwake swali ni Mtume aliamrisha nini, na aliamrisha jambo fulani au hakuliamrisha. Hata ubishi wa Idi, basi, una jibu moja kwa walio ndani yake, jibu lisilopatikana kwa darubini.

17. Kitimoto je? Haramu ni ukweli au ni desturi?

"Mungu amekataza nyama ya nguruwe" ni dai juu ya Mungu: amekataza au hajakataza. "Nguruwe anatia kinyaa" ni tumbo lako. Waislamu wengi na Wasabato wana vyote viwili na hawavitenganishi mpaka waulizwe.

18. Nina mashaka lakini bado naswali. Mimi ni mnafiki?

Mnafiki huficha asichoamini ili apate kitu. Wewe unatafuta. Ghazali (swali la 10) anasema kwamba alikaa karibu miezi miwili hana uhakika hata na macho yake, na kwa ulimi hakulitamka hilo. Rudi swali la 4: uhakika ni hali ya moyo, hupanda na kushuka kama maji ya bahari, na kinachosemwa kuwa kweli hakipandi wala hakishuki nao. Ila usigeuze mashaka kuwa makazi kwa sababu tu ni starehe kutokujibu.

19. Baba Mkristo, mama Muislamu. Mtoto ana miaka minane, anauliza: nani anasema kweli?

Jibu la "wote wawili" humtuliza mpaka darasa la tano, akikutana na msalaba wa swali la 9. Jibu la "mimi, si mama yako" litabaki mezani kila mlo. Wazazi ninaowajua waliolivuka vizuri walimjibu kama mtu mzima mdogo: baba anaamini Yesu alikufa na kufufuka, mama anaamini sivyo, mmoja wetu amekosea, na tumelizungumza mara nyingi sana tukiwa tumekaa hapa hapa. Mtoto aliuliza nani amekosea. Mama akasema, "Baba yako." Baba akasema, "Mama yako." Wote watatu wakacheka, na mtoto akaomba chai.